Ardhi Maskini, Jua Tele: Mtazamo wa Kwanza wa Drosera ya Rasi

Nianze na hukumu kabisa, maana siwezi kuificha hadi mwisho: kama hujawahi kufuga mmea unaokula wadudu na unataka kuanza na mmoja tu, chukua Drosera capensis, drosera ya Rasi. Nimeupata wangu majuzi kwa mwenye kitalu mmoja hapa Nairobi, umo kwenye chungu kidogo cha plastiki, na tangu uingie nyumbani sijapita kwenye dirisha lile bila kuinama. Nilikuwa nimeusoma vitabuni kwa miaka. Nilijua unakamata wadudu. Sikujua kwamba unapendeza kiasi hiki, wala kwamba utunzaji wake ni rahisi kiasi hiki ukishaelewa jambo moja.

Na jambo lenyewe ni hili: drosera inataka ardhi maskini, maji matupu na jua tele. Yote uliyofundishwa kuhusu maua ya nyumbani, samadi, udongo mweusi wenye rutuba, maji ya bomba kila jioni, yageuze. Ukiyageuza umemaliza nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni raha tupu.

JANI LENYEWE

Jani ndilo kila kitu hapa. Ni jembamba na refu, upana wake kama milimita 5 tu, limesimama juu ya kikonyo chake, na upande wake wa juu umejaa vinywele vyekundu, virefu pembezoni na vifupi katikati. Kila kinywele kina kichwa cha mviringo, na kila kichwa kimebeba tone linalong'aa. Saa mbili asubuhi, jua linapoingia kwa mshazari, mmea mzima unawaka. Mara ya kwanza nilipouona hivyo niliita watu wa nyumbani waje watazame, na walikuja, na hawakuondoka upesi.

Mtu akiona matone yale hudhani ni umande. Umande ungekuwa umekauka kufikia saa nne. Tone hili ni la mmea wenyewe: ute mzito wa maji na minyororo mirefu ya sukari, unaotolewa na tezi iliyo kwenye kichwa cha kila kinywele, na mmea wenye afya unaweza kuutunza mchana kutwa juani. Gusa tone moja tu kwa ncha ya kijiti, kisha vuta polepole. Uzi mwembamba unatoka, unanyooka, unazidi kunyooka, na ukikatika ndipo unapoelewa mdudu mwenye miguu sita anakabiliwa na nini. Ila ukishafanya hivyo mara moja, acha. Vidole na drosera havipatani. Mafuta ya ngozi na kushikwashikwa huharibu ute.

Na rangi! Inategemea mwanga. Kivulini jani hubaki kijani na vinywele hufifia. Juani vinywele huiva wekundu hasa, na kwenye baadhi ya aina jani lote hugeuka jekundu. Iko pia aina nyeupe, ambayo vichwa vya vinywele vyake hubaki vyeupe au vya waridi hafifu hata ukiianika. Nimeshaanza kuitafuta.

INAVYOWINDA

Sikulazimika kusubiri. Kijinzi kimoja cha matunda, wale wanaozunguka ndizi zilizoiva, kilitua kwenye jani la chini. Mtoto wa jirani, aliyetumwa kuazima chujio, alikiona kabla yangu. "Shangazi, kimenasa!" Chujio likasahauliwa. Tulisogeza viti.

Kijinzi kilivuta mguu mmoja, mguu wa pili ukaingia kwenye tone jingine. Kilipiga mabawa, mabawa nayo yakanasa. Kadiri kinavyopapatika ndivyo kinavyozidi kujipaka ute, hadi vitundu vyake vya kupumulia vinazibwa na pumzi inakatika. Dakika chache baadaye vinywele vya pembezoni, vile virefu ambavyo havikuwa vimeguswa kabisa, vikaanza kuinama kuelekea katikati. Mwendo wenyewe huuoni. Unaangalia pembeni kidogo, unaporudisha macho vimeshahama. Na baada ya saa kadhaa jani lenyewe, jani zima, lilikuwa limejikunja juu ya mawindo kama mkeka.

Hapo ndipo mlo unapoanza. Tezi zilezile zilizotoa ute humwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha sehemu laini za mdudu, kisha jani hufyonza lishe iliyopatikana. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Jani hukunjuka tena, vinywele husimama, matone hurudi, na kinachobaki ni ganda kavu ambalo upepo au mvua italiondoa.

Si mimi wa kwanza kuchanganyikiwa kwa furaha mbele ya jani hili. Charles Darwin alikutana na jamaa yake wa Uingereza, Drosera rotundifolia, kiangazi cha 1860 huko Sussex. Kitabu chake kuhusu asili ya spishi kilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kitoke, dunia nzima inakibishania, naye akamwandikia rafiki yake Charles Lyell kwamba kwa wakati ule drosera ilimshughulisha kuliko asili ya spishi zote ulimwenguni. Alizijaribu kwa miaka mingi: akaziwekea nyama, vipande vya yai, vipande vya kioo, na mwaka 1875 akachapisha kitabu kizima kuhusu mimea inayokula wadudu. Aliona kwamba kipande cha unywele wa binadamu chenye uzito usiofika hata sehemu moja ya elfu ya miligramu kilitosha kukifanya kinywele cha drosera kijipinde. Lakini matone ya maji yakidondoka juu ya jani lilelile, mmea hautikisiki. Unajua kutofautisha mvua na mdudu! Kisha mwaka 1878 mwanawe, Francis, akakamilisha kazi kwa kulinganisha drosera zilizolishwa na zisizolishwa. Zilizolishwa zilizaa mbegu nyingi zaidi kwa mbali.

KWA NINI INAKULA WADUDU

Ukitaka kuitunza vizuri, jua kwanza ilikotoka. Drosera ya Rasi, ambayo mwanasayansi Linnaeus aliiorodhesha mwaka 1753, ni ya kusini mwa Afrika Kusini, kwenye Rasi ya Magharibi na Rasi ya Mashariki. Huko huota mahali penye maji yanayochuruzika, kando ya vijito na kwenye chepechepe, juu ya ardhi ya mchanga na mboji iliyooshwa na maji mpaka ikaishiwa. Maji yapo, jua lipo, ila naitrojeni na fosforasi ni haba. Mimea mingine inayotegemea mizizi pekee hupata shida mahali hapo. Drosera ilipata njia nyingine: chakula cha nguvu inajitengenezea kwa usanisinuru kama kila mmea wa kijani, na mbolea inaikamata ikiruka.

Ndiyo maana wema wetu wa kawaida unaiua. Ukiitia mbolea kwenye udongo, au ukiimwagilia maji yenye chumvichumvi nyingi, mizizi iliyozoea uhaba inaungua. Mtu anashangaa: nimeipa kila kitu, mbona imekufa? Imekufa kwa sababu umeipa kila kitu. Maelekezo yote yanayofuata yanatokana na hapo.

MAJI KWANZA

Maji ndiyo yanayoamua. Maji bora kwa drosera ni ya mvua, na kwetu sisi yanaanguka bure juu ya mabati. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Kuanzia ya pili weka ndoo safi chini ya mfereji, kisha ifunike. Madumu machache ya masika yanaweza kuutunza mmea mmoja kwa muda mrefu kuliko unavyodhani.

Mvua zikigoma, nenda kituo cha mafuta ukaulize maji ya betri, yaani maji yaliyotoneshwa wanayoongezea kwenye betri za magari. Soma chupa vizuri kabla ya kulipa: unataka maji, si asidi ya betri, na mara nyingi vyote viwili vinakaa rafu moja. Vibanda vingi vya kujaza maji ya kunywa mjini navyo huchuja kwa mashine za shinikizo zinazoondoa sehemu kubwa ya chumvi, lakini wapo wanaorudisha madini ili maji yapate ladha. Dawa ni kipimo kidogo cha mkononi cha TDS, kinachokuonyesha kiasi cha vitu vilivyoyeyuka kwenye maji. Chini ya miligramu 50 kwa lita, mwagilia bila wasiwasi. Ikizidi hapo sana, mwagilia mchicha.

Maji ya bomba, maji ya kisima na maji ya chupa yenye madini yaache. Kuyachemsha hakusaidii, kwani mvuke unaondoka na chumvi inabaki, tena imekolea zaidi. Walio Pwani, ambako visima vingi vina chumvi, wawe waangalifu mara mbili.

Namna ya kumwagilia ni rahisi kupita kiasi: weka chungu kwenye sahani, tia maji kwenye sahani yafike kina cha sentimita 1 au 2, udongo utajivutia wenyewe kutoka chini. Hakuna kunyunyizia majani, na hakuna kukisia. Sahani ikikauka, jaza. Kwetu kuna neno moja la nyongeza: sahani ya maji yaliyotuama ni kitanda cha mbu. Kila baada ya siku chache mwaga yaliyobaki, sugua sahani, tia mapya. Viluwiluwi wa mbu wanahitaji karibu wiki moja au zaidi kabla ya kuruka, na ukifuata ratiba hiyo hawatafika.

UDONGO USIO NA KITU

Hapa wenye vitalu watakutazama kwa mshangao. Mchanganyiko wa kawaida ni nusu pitimosi, ile mboji nyepesi ya kahawia inayotoka kwenye vinamasi vya nchi za baridi na kuuzwa kwa wanaootesha miche, na nusu perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi, au mchanga mweupe wa silika uliooshwa. Basi. Hakikisha mfuko wa pitimosi haujatiwa mbolea wala chokaa, imeandikwa ubavuni. Udongo wa maua uliotayarishwa, mboji ya jikoni, samadi na mchanga wa baharini visikaribie.

Pitimosi kavu hukataa maji. Itie kwenye beseni, imwagie maji ya mvua, ifinyange kwa mikono mpaka ilowe yote na kuwa nzito, ndipo uchanganye na ujaze chungu. Tumia chungu cha plastiki chenye matundu chini, kirefu kiasi, sentimita 10 au zaidi, kwa kuwa mizizi ya drosera ya Rasi hushuka. Vyungu vya udongo wa kuchoma hupitisha maji ubavuni na kukusanya chumvi, kwa hiyo kwa mmea huu plastiki inashinda.

Wengi Pwani wataniuliza kuhusu vumbi la makumbi ya nazi, ambalo ni rahisi kupatikana. Linaweza kutumika, lakini mara nyingi huja na chumvi. Liloweke, likamue, mwaga maji, urudie tena na tena kwa maji safi, na upime maji ya mwisho yanayotoka kabla ya kulipandia.

JUA, NA HALI YA HEWA YA KWAKO

Drosera inapenda jua kuliko watu wanavyoamini. Saa 4 hadi 6 za jua la moja kwa moja kwa siku ndiyo kiwango kizuri, na ute wenyewe ndio kipimo chako: matone makubwa na vinywele vyekundu maana yake mwanga unatosha, majani marefu yaliyolegea, ya kijani kitupu, yasiyo na matone, maana yake sogeza chungu. Mmea uliotoka kivulini usiutupe juani siku moja. Uongezee muda kidogokidogo kwa wiki moja au mbili, jua la asubuhi kwanza.

Hapa ndipo nyanda zetu za juu zinapopata bahati. Nairobi, Limuru, Arusha, Lushoto, Njombe: mchana wa wastani, usiku wa baridi, ndivyo hasa mmea huu unavyopenda. Unastahimili kuanzia nyuzi joto 5 hivi hadi 30 bila kulalamika, na hata baridi kali ikiunguza majani, mara nyingi huchipua tena kutoka mizizini. Julai ya Nairobi kwake ni mapumziko.

Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam inawezekana, kwa jua la asubuhi na kivuli cha mchana, na maji yasikauke kwenye sahani. Lakini kama joto la kwako halipungui hata usiku, mtazame pia Drosera burmannii wa kaskazini mwa Australia na kusini mwa Asia, mdogo, mwepesi wa kukunja vinywele, au Drosera spatulata. Wasio na dirisha lenye jua watumie taa za LED nyeupe zilizo karibu na mmea kwa saa 12 hadi 14 kwa siku. Drosera hustawi chini yake vizuri sana. Kitu kimoja tu usifanye popote ulipo: usiifungie kwenye mtungi wa kioo na kuuanika juani. Utaipika.

CHAKULA

Mmea ulio nje au kwenye dirisha lililo wazi hujilisha. Ulio ndani, ambako wadudu ni wachache, upe mdudu mmoja mdogo kila baada ya wiki mbili au tatu. Awe mdogo kuliko jani. Mbu uliyempiga kofi anafaa kabisa. Drosera huhisi pia kemikali za mawindo, kwa hiyo hata aliyekufa atakunjiwa jani. Wengine hutumia chembe ya chakula cha samaki wa mapambo iliyoloweshwa kidogo. Chembe, si kipande. Nyama ya jikoni iache ilipo: inaoza kabla haijayeyushwa, ukungu unaingia, jani linakufa.

Na usihofu ukisahau. Mmea usiolishwa unaishi, unakua polepole tu. Njaa haiiui drosera haraka. Kiu, kivuli na chumvi ndivyo vinavyoiua.

YA KUTARAJIA MWANZONI

Mmea uliosafirishwa hufika mkavu, ute wote umepotea, na mwenye mmea moyo unamwenda mbio. Tulia. Uweke kwenye maji yake na mwanga wake, usiulishe, usiuguseguse hovyo. Majani ya zamani huenda yasipate matone tena, lakini majani mapya yanayofunguka katikati yatakuja na ute wake. Tazama jani jipya linavyofunguka: limejikunja, linanyooka taratibu, na vinywele vinaanza kuvaa tone kimoja baada ya kingine. Kwangu hicho ndicho kipindi kizuri kuliko hata kuwinda.

Majani ya chini kugeuka kahawia na kukauka ni kawaida. Yakate kwa mkasi mdogo. Ukiona majani machanga yanajipinda vibaya, tafuta vidukari katikati ya mmea. Njia nzuri isiyo na sumu ni kuuzamisha mmea wote, chungu na vyote, kwenye ndoo ya maji ya mvua kwa siku moja au mbili. Wadudu wanakufa, mmea unabaki. Ute utarudi.

Kisha, siku moja, bua jembamba litachomoza katikati na kupanda juu, limeinama kichwa, lenye vichipukizi vingi vya maua. Maua ni ya waridi, petali tano, hufunguka kila moja kwa zamu yake na kujifunga siku hiyohiyo. Huhitaji mmea wa pili wala nyuki: ua hujichavusha lenyewe. Baadaye vitumba hukauka na ndani mna mbegu nyeusi, laini na ndogo mno. Zinyunyize juu ya pitimosi mbichi bila kuzifukia, maana zinahitaji mwanga, weka chungu kwenye sahani ya maji, na baada ya wiki chache utaona vijani vya kijani visivyozidi kichwa cha pini, na vyote vina matone tayari. Unaweza pia kukata jani zima, kuliacha lielee kwenye maji ya mvua ndani ya kopo mahali penye mwanga, na miche ikachipua juu yake. Mmea mmoja unakuwa wa mtaa mzima. Kasoro pekee ninayoiona hapa ni kwamba mbegu hujipanda zenyewe kwenye vyungu vya jirani, na mimi hiyo siiiti kasoro.

NDUGU ZAKE

Ukishaonja hii utataka nyingine, na uwanja ni mpana. Drosera pekee zina spishi zaidi ya 200, ziko kila bara isipokuwa Antaktika, na zetu tunazo: Drosera madagascariensis huota kwenye chepechepe za Tanzania na Uganda, mbali na Madagaska yenyewe. Kwenye maziwa na vidimbwi vya Afrika Mashariki imo Utricularia, isiyo na mizizi, yenye vifuko vidogo chini ya maji vinavyomfyonza mdudu kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kila ndege na ubawa wake.

Maarufu kuliko yote ni Dionaea muscipula, ule wenye midomo inayojifunga. Nampenda. Mdudu akigusa vinywele vya ndani mara mbili kwa muda wa takriban sekunde 20, mdomo unafumba ghafla. Mguso mmoja hautoshi, na hivyo mmea haupotezi nguvu kwa tone la mvua au takataka. Lakini kwa anayeanza katika nchi zetu si mmea wa kwanza. Kwao ni kipande kidogo cha Carolina Kaskazini na Carolina Kusini, Marekani, kuzunguka mji wa Wilmington, na kila mwaka unahitaji miezi mitatu au minne ya baridi ulale. Huku kwetu wapenzi wake hulazimika kuulaza kwenye friji. Usipolala, hudhoofika mwaka hadi mwaka.

Mtu wa Pwani mwenye joto na unyevu ana tunu yake nyingine: Nepenthes, wenye vibuyu vinavyoning'inia kwenye ncha za majani. Étienne de Flacourt aliuelezea ule wa Madagaska mwaka 1658, na visiwa vya Shelisheli vina wa kwao, Nepenthes pervillei. Kwa mwanzo tafuta mseto uitwao ventrata, mgumu kufa. Huo usiukalishe kwenye sahani ya maji. Unataka mchanganyiko uliolegea unaopitisha hewa, mwanga uliochujwa, na maji yanayopita juu kwenda chini. Ubora wa maji ni uleule.

NUNUA KWA HAKI

Mimea hii ichukuliwe kwa waliootesha, kamwe isichimbwe porini. Chepechepe moja ikikanyagwa na kuchimbwa haipati nafuu upesi, na drosera iliyong'olewa porini kwa kawaida hufa nyumbani. Huko Carolina Kaskazini wizi wa Dionaea ulifikia hatua ya sheria kuufanya kosa kubwa la jinai kuanzia Desemba 2014. Ukiagiza mmea kutoka nje, omba kibali cha mamlaka ya afya ya mimea kabla haujasafirishwa: Kenya ni kwa KEPHIS, Tanzania ni kwa TPHPA, na muuzaji atoe cheti cha afya ya mmea. Dionaea na Nepenthes ziko pia chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, kwa hiyo zina karatasi zake za ziada. Njia nyepesi kuliko zote ni kuomba mbegu au mche kwa mtu wa karibu ambaye drosera yake imekwisha kutoa maua. Hawezi kukosa.

HUKUMU

Drosera ya Rasi inampa anayeanza kila kitu mapema: uzuri asubuhi ya kwanza, mawindo wiki ya kwanza, na ikikomaa, maua na mbegu za kugawa. Haiombi mbolea, haiombi dawa, haiombi chumba maalumu. Mtoto anajifunza mbele yake namna lishe inavyotoka kwa mdudu kwenda kwa mmea, bila ubao wala chaki. Mwalimu wa sayansi mwenye dirisha la darasa linalotazama mashariki asikose chungu kimoja.

Ila usianze kwa kununua mmea. Anza na ndoo chini ya mfereji wa mabati, halafu pitimosi, halafu mahali penye jua ulipopapima kwa saa. Vikishakuwa tayari vitatu hivyo, nenda ukaichukue drosera yako ya Rasi, na ukiifikisha nyumbani usiiongezee kitu kingine chochote.